Sili ya Ekseli Haivuji Bila Sababu

Miongoni mwa sehemu nyingi zinazounda gari, ni chache zilizo ndogo na zenye bei nafuu kama sili ya ekseli, na ni chache pia zinazoeleweka vibaya kama hiyo. Ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, inayokaa katika kiganja cha mkono. Kazi yake ni kuiacha ekseli izunguke kwa uhuru, huku ikiizuia oili ya giaboksi au ya difu isitoke nje, na kuzuia vumbi na maji visiingie ndani. Sili ikishindwa kazi yake, dereva huamka asubuhi akakuta doa jeusi chini ya gari, na safari ya gereji ikaanza.

Wakazi wa mikoa ya Shinyanga na Geita wanaifahamu mno safari hiyo. Magari yatokayo Kahama kwenda machimboni, au Geita kwenda Katoro, Nyarugusu na Rwamagasa, hubeba abiria, magunia ya mpunga, madumu ya maji, na mawe yanayopelekwa kwenye makarasha kusagwa. Si ajabu kumsikia mwenye gari akisema kuwa amebadilisha sili upande ule ule mara tatu katika mwaka mmoja. Husema hivyo kama mtu anayesimulia mvua iliyokosekana: ni jambo la kusikitisha, lakini halina wa kuulizwa.

Madhumuni ya makala hii ni kupinga mazoea hayo. Maoni yangu ni kwamba sili inayovuja aghalabu si ugonjwa bali ni dalili. Kuibadilisha bila kuuliza sababu ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza homa bila kumpima damu. Tena mazoea haya hayatokani na ujinga wa fundi peke yake, kama wengi wetu tuliosoma tunavyopenda kudhani. Yanatokana na namna sisi sote, wenye magari, walimu na watunga mitaala, tunavyothamini nguvu za mikono na kudharau kazi ya kuchunguza.

Pete iliyotokana na ngozi

Hapana budi kwanza tuelewe sili inavyofanya kazi. Magari ya mwanzo yalitumia kamba, sufi na vipande vya ngozi kuzuia oili. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Freudenberg ya mji wa Weinheim, Ujerumani, ambayo asili yake ni kiwanda cha kutengeneza ngozi, ilieneza pete ya kuzuia oili iliyobeba jina la mhandisi Walther Simmer. Mdomo wa pete hiyo ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe. Baadaye ngozi iliacha nafasi yake kwa mpira uliotengenezwa viwandani, hasa ule uitwao nitraili, ambao hauharibiwi na mafuta kama mpira wa mti unavyoharibiwa. Kwa hiyo msomaji wa Usukumani, nchi ya ng'ombe, asidhani kuwa kifaa hiki ni kigeni kabisa kwake: kizazi chake cha kwanza kilitoka zizini.

Sili ya leo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ganda la chuma, linaloshika ukuta wa giaboksi. Ya pili ni mdomo wa mpira, unaogusa ekseli. Ya tatu ni springi nyembamba ya mviringo, inayouzunguka mdomo huo na kuubana polepole juu ya ekseli.

Watu wengi hudhani kwamba sili huzuia oili kwa kubana ekseli kama kizibo kinavyobana chupa. Sivyo. Kama mdomo ungeikamata ekseli kavu kwa kavu, ungeungua katika muda mfupi. Hebu tufanye hesabu. Gurudumu la gari dogo lenye kipenyo cha sentimita 60 huzunguka takriban mara 53,000 katika mwendo wa kilomita 100. Ikiwa ekseli ina kipenyo cha milimita 35 mahali inapoguswa na sili, basi katika safari hiyo mdomo wa sili umesuguliwa na karibu kilomita 6 za chuma. Gari likitembea kilomita 50,000, msuguano huo unakaribia kilomita 3,000, yaani zaidi ya safari ya kwenda na kurudi kati ya Mwanza na Dar es Salaam. Hakuna mpira unaoweza kuvumilia hayo ukiwa mkavu.

Kinachouokoa mdomo wa sili ni utando wa oili uliopo kati yake na chuma, utando mwembamba kuliko unywele wa binadamu kwa makumi ya mara. Kwa nini basi utando huo usivuje ukatoka nje? Jibu limo katika umbo la mdomo wenyewe. Upande unaoelekea oili una mteremko mkali, na upande unaoelekea hewa una mteremko wa taratibu. Kwa sababu ya tofauti hiyo, ekseli inapozunguka, mdomo huyasukuma matone madogo ya oili kuyarudisha ndani. Kwa maneno mengine, sili nzima ni pampu ndogo isiyo na injini. Ndiyo maana sili iliyowekwa kinyume, springi ikaelekea nje badala ya kuelekea oili, huvuja hata ikiwa mpya na halisi: pampu hiyo inafanya kazi yake vizuri kabisa, ila inasukuma oili kuitoa nje.

Mtu aliyeelewa jambo hili moja tu amekwisha kupata ufunguo wa mengine yote. Kila kinachoharibu utando ule mwembamba, au kinachoushinda uwezo wa pampu ile ndogo, kitaivujisha sili. Na kisipoondolewa, kitaivujisha sili itakayofuata.

Vumbi la nchi ya dhahabu

Sababu ya kwanza ni mfereji katika ekseli. Ardhi ya Geita na sehemu kubwa ya Shinyanga imekaa juu ya miamba ya kale sana, yenye umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Ndani ya miamba hiyo hupita mishipa ya jiwe jeupe gumu liitwalo kwatsi, ambalo wachimbaji hulifuata chini ya ardhi kwa kuwa mara nyingi ndilo linalobeba dhahabu. Jiwe hilo hilo limo pia katika matale, yaani granaiti, ya vilima vya Usukuma, na ndilo linalofanya mchanga wa miinuko, ambao Wasukuma huuita luseni.

Katika kipimo cha ugumu wa madini, kilichobuniwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, almasi ina namba 10 na kwatsi ina namba 7. Chuma cha kawaida kiko chini ya kwatsi. Maana yake ni kwamba kila chembe ya vumbi la karasha na kila punje ya mchanga wa luseni inaweza kukikwaruza chuma. Jiwe linalomtajirisha mchimbaji ndilo linalokula gari lake.

Vumbi hilo hujikusanya kwenye oili kidogo inayolowesha mdomo wa sili. Likichanganyika nayo huwa kama msasa. Mpira, kwa kuwa ni laini, huzimeza chembe hizo na kuzishikilia, kisha chembe huanza kuichonga ekseli. Hapo utaona jambo linalowashangaza wengi: chuma kigumu kinaliwa na mpira laini. Kwa kweli si mpira unaokila, bali ni kwatsi iliyojificha ndani ya mpira. Baada ya muda ekseli hupata mfereji mwembamba, unaong'aa, unaoizunguka kama pete. Sili mpya ikiwekwa, mdomo wake hukaa juu ya mfereji ule ule, haugusi sawasawa, na oili hupita. Wiki mbili baadaye mwenye gari anarudi, na muuza vipuri anatuhumiwa kuuza bidhaa feki.

Kuutambua mfereji huo hakuhitaji maabara. Nilipokuwa masomoni ng'ambo tulipima uso wa ekseli kwa chombo chenye sindano ya almasi, na karatasi ikatuchorea vilima na mabonde ya chuma. Chombo hicho ni kizuri kwa mtafiti. Lakini fundi aliyeisafisha ekseli kwa kitambaa, akapitisha ukucha wa kidole juu ya mahali pa sili, huhisi mfereji wenye kina cha sehemu chache za mia za milimita. Ukucha ukikwama, ekseli hiyo haiko tayari kupokea sili mpya. Tiba zipo: kuisukuma sili ndani zaidi au kuiacha nje kidogo, kwa milimita moja au mbili kama nafasi inaruhusu, ili mdomo ukute chuma kipya, kuvika ekseli pete nyembamba ya chuma mahali palipolika, au kuipeleka kwa mkereza vyuma ajaze na kukereza upya. Kahama, Geita na Shinyanga mjini hakukosekani mashine za kukereza, kwa kuwa migodi na makarasha yamezileta.

Difu lisiloweza kupumua

Sababu ya pili ni ndogo zaidi, na husahauliwa zaidi. Juu ya giaboksi na juu ya difu kuna tundu la kupumulia, lililofunikwa kifuniko kidogo au kuunganishwa na mpira mwembamba. Gari likitembea, oili na hewa iliyomo ndani hupata joto na kutanuka, na hewa ya ziada hutokea hapo. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, vumbi hulifunika tundu hilo. Mvua zikianza, tope jeusi la mbugani hulipaka na kukauka juu yake kama saruji.

Tundu likiziba, sheria ya fizikia haisamehe. Hewa iliyofungiwa ikipashwa joto kutoka nyuzi 27 hadi nyuzi 90 za sentigredi, yaani kutoka 300 hadi 363 kwa kipimo cha Kelvin, kanieneo yake huongezeka kwa asilimia 21. Sili ya ekseli haikuundwa kuzuia kanieneo ya namna hiyo. Hewa inayotafuta njia huusukuma mdomo, na oili hufuata. Fundi atabadilisha sili ya kushoto, kisha ya kulia, kisha ile ya mbele ya difu, na zote zitavuja kwa zamu, kwa sababu kosa haliko katika sili yoyote.

Kinyume chake hutokea masika. Gari lenye difu la moto likiingia ghafla katika korongo lililojaa maji, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa. Kama tundu limeziba, difu hunyonya, na kwa kuwa hakuna njia nyingine, hunyonya maji kupitia mdomo wa sili. Oili inayotoka baada ya hapo ikiwa na rangi ya chai ya maziwa inatangaza kuwa beringi na meno ya gia yanaogeshwa kwa mchanganyiko usioweza kuyalinda. Kulisafisha tundu la kupumulia ni kazi ya dakika tano kwa mtu mwenye waya na kitambaa. Nani anayefanya kazi hiyo, na nani anayelipwa kwa kuifanya?

Sababu ya tatu ni beringi iliyochakaa. Ekseli ikicheza, mdomo wa sili hauwezi kuifuata kila inapoyumba. Kuiweka sili mpya juu ya beringi iliyokufa ni kuiweka rehani. Ya nne ni umri: mpira uliokaa miaka mingi katika joto hukauka na kuwa mgumu, na magari yetu mengi huja kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika kwa miaka. Ya tano ni oili iliyozidi kiasi au isiyo ya aina yake. Wapo wanaojaza oili nzito namba 140 mahali panapotaka nyepesi, wakitumaini kuwa uzito wake utapunguza mvujo. Asubuhi, kukiwa na baridi, oili hiyo hukataa kuzifikia beringi, na uharibifu huanza kimya kimya.

Kubadilisha kwa uchunguzi

Kubadilisha sili kwenyewe si kazi ngumu, lakini ni kazi isiyotaka haraka. Gari liinuliwe na kuwekwa juu ya vigingi imara. Jeki peke yake haitoshi, kwa maana uhai wa fundi una thamani kuliko giaboksi. Oili imwagwe katika chombo safi, iangaliwe rangi na kama ina chembe za chuma. Ekseli ichomolewe kwa wenzo, bila kuivuta kwa nguvu kutoka kwenye kiungo chake cha nje. Sili ya zamani ing'olewe kwa ndoano bila kuukwaruza ukuta inamokaa, kwa kuwa mkwaruzo wa ukuta nao ni njia ya oili.

Kabla ya kuitupa sili hiyo, fundi aisome. Mdomo uliolika upande mmoja tu hushuhudia ekseli inayocheza. Mdomo mgumu uliopasuka hushuhudia joto na umri. Mdomo uliochanika mahali pamoja hushuhudia mkono uliopitisha ekseli bila kuulinda mpira dhidi ya meno ya chuma. Springi ikikutwa imedondoka, aliyeipigilia aliigonga upande mmoja. Katika mahakama ya giaboksi, sili kuukuu ni shahidi wa kwanza, nasi tuna tabia ya kumtupa jalalani kabla hajasema neno.

Kisha ekseli ipimwe kwa ukucha, beringi itikiswe, tundu la kupumulia lisafishwe. Sili mpya ipakwe oili au grisi mdomoni, kwa sababu mizunguko ya mwanzo ndiyo yenye hatari ya ukavu. Isipigiliwe kwa nyundo tupu wala kwa tindo, bali kwa kipande cha bomba au ganda la beringi kuukuu lenye upana karibu sawa na wa sili, ili iingie sawasawa pande zote. Mwisho oili ijazwe hadi kipimo chake, wala isizidi, na gari likaguliwe tena baada ya mwendo mfupi.

Ipo pia desturi ya kuikata springi ya sili na kuifupisha ili ibane zaidi. Desturi hii inafaa kukomeshwa. Springi fupi huukandamiza mdomo, hukata utando wa oili, huongeza joto, na huchimba mfereji haraka kuliko vumbi. Mvujo hukoma kwa wiki moja au mbili, kisha hurudi ukiwa na ekseli iliyoharibika. Vivyo hivyo gundi ya gasketi inayopakwa kuzunguka sili: hufunika dalili, na ugonjwa ukaendelea.

Tone moja na maisha ya watu

Pengine msomaji atauliza: je, tone la oili lina ukubwa gani hata tulijadili katika jarida la sayansi? Tuhesabu tena. Tone moja la oili lina ujazo wa takriban sehemu moja ya ishirini ya mililita. Gari likidondosha tone moja kila sekunde kumi, hupoteza mililita 18 kwa saa. Likifanya kazi saa nane kwa siku, hupoteza mililita 144. Kwa siku saba, lita moja. Giaboksi ya gari dogo huchukua takriban lita mbili tu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukitupua pia.

Hasara ya fedha si jambo la mwisho. Katika magari yenye difu la nyuma, kama basi dogo la Hiace, sili ya nje ya ekseli inakaa jirani na ngoma ya breki. Oili ikipita sili hiyo huingia ndani ya ngoma na kulowesha viatu vya breki. Dereva akikanyaga breki, gurudumu moja hushika na jingine huteleza. Gari huvutwa upande mmoja. Abiria kumi na wanne walioketi ndani hawajui kwamba maisha yao yananing'inia kwenye mpira wenye upana wa milimita chache. Mahali pengine ajali kama hiyo huandikwa kuwa imesababishwa na mwendo kasi, au na kudra ya Mungu, nayo sili iliyolowesha breki haitajwi.

Kadhalika oili inayodondoka haipotei. Huingia ardhini, na mvua huisomba kuelekea mabwawa na malambo ambamo watu na mifugo hunywa. Mikoa hii ina mzigo wake wa kutosha wa zebaki ya uchenjuaji. Haihitaji kuongezewa mwingine.

Nani alaumiwe?

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni vipuri feki. Sikatai kuwa vipo, na Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, lina wajibu wa kuendelea kuvisaka. Lakini tutumie mantiki. Ikiwa sili mbili zimenunuliwa siku moja, katika duka moja, na za kiwanda kimoja, na ya kulia ikadumu huku ya kushoto ikivuja kila mwezi, basi duka si mshitakiwa wa kwanza. Tofauti iko katika gari, na gari ndilo linalopaswa kuchunguzwa.

Wengine watamlaumu fundi. Nimekaa katika gereji za chini ya miti katika mkoa wa Shinyanga, nikatazama. Nilichokiona si uvivu wala upumbavu. Niliona watu wanaoweza kuitambua beringi mbovu kwa sauti, na kuijua oili ya giaboksi kwa harufu yake ya kiberiti. Wanakosa kitu kimoja: mteja anayekubali kulipia uchunguzi. Mwenye gari hulipa bei ya sili na ujira wa kuifunga. Fundi akimwambia, "Mzee, nipe saa moja zaidi niangalie ekseli na tundu la hewa," hujibiwa, "Wewe funga tu, nina abiria wananisubiri." Baada ya mwezi mteja huyo huyo hurudi akilalamika kuwa fundi hajui kazi. Fundi naye hujifunza somo alilofundishwa: kufunga tu.

Hapa ndipo ulipo ubishi wangu na wenzangu wa vyuo vikuu. Sisi hulipwa mshahara kwa ajili ya kuuliza sababu. Fundi hulipwa kwa ajili ya kutouliza. Kisha tunashangaa kwamba sayansi haijafika gereji.

Yafanyike nini?

Mkoa wa Shinyanga wenyewe una mfano wa kujifunza. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kama HASHI, wakati sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imekwisha kuwa jangwa la mavumbi. Upandaji wa miche migeni haukuleta ushindi mkubwa. Ushindi ulipatikana wataalamu walipouchukua kwa uzito ujuzi wa Wasukuma wenyewe wa ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa masika ili majani na miti ipate kurudi. Sayansi ilieleza kwa nini ngitili hufanya kazi, ikauimarisha utaratibu wake, na maeneo ya hifadhi yakaongezeka kutoka mamia ya hekta hadi mamia ya maelfu. Mtaalamu na mwananchi walikutana katika sababu ya jambo.

Mafundi wetu nao wanastahili mkutano wa namna hiyo. Natoa mapendekezo manne.

La kwanza, vyuo vya ufundi stadi na vyuo vikuu vitoe karatasi fupi za maelezo kwa Kiswahili, zenye michoro, kuhusu kazi za kila siku kama hii. Vitabu vya magari yetu vimeandikwa kwa Kijapani na Kiingereza, na fundi anafikiri kwa Kiswahili na Kisukuma. Wala tusingoje hadi istilahi zote zikamilike: mafundi wameshasema sili, difu, beringi na ekseli kwa miaka mingi, na wanaelewana.

La pili, utaratibu wa VETA wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa uwe na swali la kueleza sababu, si la kuonyesha kazi ya mikono peke yake. Atakayeweza kusoma sili kuukuu na kusema kilichoiua apewe alama kubwa kuliko atakayeifunga mpya kwa haraka.

La tatu, ukaguzi wa magari ya abiria unaofanywa katika Wiki ya Nenda kwa Usalama usiishie kwenye taa, matairi na vioo. Mkaguzi ainame na kutazama upande wa ndani wa magurudumu ya nyuma. Alama ya oili hapo ni sababu ya kutosha ya kulizuia gari lisibebe watu hadi ngoma ya breki ifunguliwe.

La nne linatuhusu sisi wenye magari. Tukubali kulipia uchunguzi. Tumwombe fundi atuonyeshe sili iliyotoka, atueleze ilikufaje, na tumlipe kwa maelezo hayo kama tunavyomlipa daktari kwa kutupima kabla ya kutupa dawa. Saa moja ya fundi anayefikiri ni rahisi kuliko giaboksi mpya, na ni rahisi mno kuliko mazishi.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, ila katika habari ya sili inahitaji nyongeza: anayeziba ufa bila kujua kilichoupasua ukuta ataziba kila mwaka. Taifa linalotaka kujitegemea kwa ufundi litahesabu, pamoja na mashine linazonunua, idadi ya watu wake wanaoweza kuishika pete ndogo ya mpira iliyochakaa, wakaigeuza mkononi, na kusema kwa yakini ni kwa nini imevuja.